Muulize Mkutubi: Daktari kaongea dakika mbili, maelezo mengine nitayapata wapi?

Mwezi huu barua za afya zimezidi hata zile za wanafunzi wanaotafuta past papers, na wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, yaani nikienda maktaba nitaelewa ugonjwa wangu au nitapoteza nauli bure. Nimechagua chache, nyingine nimezikata kidogo maana mnaandika jamani, na majina yote nimeyatoa.

Shikamoo Mkutubi. Nina miaka 52, nimepimwa nikaambiwa nina presha ya kupanda, kwenye cheti wameandika 158/96 na dawa inaitwa amlodipine. Foleni ilikuwa ndefu, daktari kasema tu punguza chumvi, haya mwingine aingie. Binti yangu ananiambia nenda maktaba ya mkoa ukasome, lakini mimi najua maktaba ni ya watoto wenye mitihani, nikifika pale nitasemaje? – Mama wa Morogoro

Marahaba mama, na pole. Ukifika pale huna haja ya kusimulia maisha yako yote. Beba kile cheti, beba na boksi la dawa, nenda kwa mkutubi mwambie hivi: "Natafuta kitu cha kusoma kuhusu presha ya kupanda, kwa Kiswahili, kisiwe cha madaktari." Basi. Hayo maneno ya mwisho ndio muhimu, kwa sababu usipoyasema utaletewa bonge la kitabu la wanachuo wa udaktari utalifunga ukurasa wa tatu. Mkutubi anayejua kazi yake atakuuliza maswali mawili matatu: ni kwa ajili yako au unamuuguza mtu, unataka kujua ugonjwa wenyewe au dawa au chakula, unasoma Kiingereza au hapana. Sio umbea mama, anatafuta rafu ya kukupeleka.

Ila ujue mpaka wake. Mkutubi atakutafutia ukurasa, atakuonyesha umeandikwa na nani na mwaka gani, anaweza hata kukusomea kama miwani umesahau nyumbani. Hatakuambia hiyo 158/96 kwako wewe ina maana gani, wala kama dawa inakufaa. Ukimsikia mkutubi anasema hii acha, meza ile, huyo kimbia, kwani hata akipatia leo kesho atamkosea mwenzio.

Mimi nitakupa yale utakayoyakuta kwenye maandishi yoyote ya maana. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Wanahesabu ni presha ikiwa 140/90 au zaidi ikipimwa siku tofauti, kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari liwe "nitarudi lini kupimwa tena?" La pili liwe la dawa, maana amlodipine inalegeza mishipa na baadhi ya watu inawavimbisha miguu kwenye vifundo, sasa ukivimba usiiache kimyakimya, rudi ukaseme. Na chumvi, Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa kasoro kidogo, na hapo wamehesabu ile ya kwenye mkate, kwenye vile vidonge vya kuungia mchuzi, na kwenye ng'onda. Wengi tunapunguza ya mezani halafu tunakula ng'onda nusu kilo.

Kuhusu watoto wa mitihani, ndio wamejaa, lakini maktaba ya umma ni ya umma. Ile kuu ya Dar, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967 na hakusema ni ya form four tu.

Mkutubi, mimi ni mwalimu huku Kakamega. Kwenye maktaba ya mji wetu kuna kitabu kikubwa cha afya ya familia, watu wanakipenda sana mpaka kimechanika. Juzi nimesoma sehemu ya malaria kinasema meza klorokwini. Mamangu alitumia hiyo akapona. Sasa kitabu kinadanganya ama ni dawa zimebadilika? – Mwalimu wa Sayansi

Mwalimu umeuliza swali ambalo nilitamani watu elfu waulize. Kitabu hakidanganyi, kimezeeka. Wakati kinaandikwa klorokwini ilikuwa inafanya kazi kweli, mamako alipona kweli, halafu vimelea wa malaria wakaizoea dawa ikawa unameza na homa iko palepale. Kenya iliiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 1998 ikaweka SP, ile mnaijua kwa Fansidar, nayo haikukaa sana, 2004 sera ikabadilika tena kuja kwenye AL, dawa mseto ya artemether na lumefantrine, na kufika 2006 ikaanza kugawiwa hospitalini. Huku Tanzania klorokwini iliondoka 2001, SP ikashika, na mwisho wa 2006 tukaingia dawa mseto hiyohiyo, huku tunaiita ALu. Kwa hiyo mtu wa Kakamega au wa Kigoma akifuata kitabu cha 1990 leo, anamtibu mtoto kwa dawa ambayo nchi yake iliiacha kabla huyo mtoto hajazaliwa, na malaria ya mtoto haisubiri.

Na sio malaria peke yake. Fungua hichohicho kitabu sehemu ya kunyonyesha, uone kama kinasema maziwa ya mama peke yake miezi minne mpaka sita, ndivyo ilivyokuwa ikiandikwa mpaka 2001 WHO iliposema miezi sita kamili. Fungua kuharisha, utakuta ORS, sawa, lakini zinki hutaikuta, maana WHO na UNICEF walipendekeza mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS mwaka 2004, na hata ORS yenyewe fomula yake ilibadilishwa 2002 ikapunguzwa chumvi na sukari. Fungua malaria kali, utaambiwa kwinini ya mshipa, wakati siku hizi ni sindano ya artesunate. Hata ile tabia ya kusema "ana joto, mpe dawa ya malaria" imepitwa, tangu 2010 WHO inataka mtu apimwe kwanza, na kipimo cha haraka kile cha kutoboa kidole kiko mpaka zahanati.

Sasa yapo ambayo hayazeeki. Jinsi ya kuosha kidonda, kumgeuza mgonjwa wa kitandani asipate vidonda vya mgongo, kufunga mkono uliovunjika mpaka mfike hospitali, michoro ya mtoto alivyokaa tumboni. Kwa hiyo sisemi kitabu kichomwe. Ninachosema ni kwamba kabla hujasoma ukurasa wowote wa dawa geuza kurasa mbili za mwanzo utafute mwaka wa kuchapishwa, sio mwaka wa "kuchapishwa tena" maana kuchapa tena inaweza kuwa maneno yaleyale wino mpya, tafuta toleo. Sehemu ya dawa na dozi ikizidi miaka mitano mimi siifuati bila kuuliza mfamasia.

Hapa nawasema na wakutubi wenzangu. Kutoa vitabu vilivyozeeka kwenye rafu ni kazi yetu na wengi tunaiogopa, tunaona rafu itabaki tupu mkaguzi atauliza. Bora tupu. Na hawa wanaotuletea msaada wa maboksi ya vitabu vya udaktari vya miaka ya themanini, asanteni kwa moyo, ila mngeuliza kwanza. Mwalimu, wewe nenda kamwambie mkutubi wenu abandike karatasi kwenye jalada la hicho kitabu, "sura za dawa zimepitwa na wakati", ni kazi ya dakika moja. Akikataa, andika barua kwa kaunti, maana maktaba za matawi zilikabidhiwa kaunti na wao ndio wanapaswa kununua vipya.

Niaje Mkutubi. Mimi ni kijana wa Eastlands Nairobi. Kuna dalili flani huku chini sitaki kusema sana. Simu nashare na bro yangu, bundles zimeisha, library iko karibu lakini yule librarian wa pale anajuana na mathe. Nifanyeje nisome bila kuuliza mtu? – Kijana Mwenye Aibu

Poa kijana. Huna haja ya kumuuliza mtu, rafu zina namba. Maktaba nyingi za umma Kenya na Tanzania zinapanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, na afya yote iko 610 mpaka 619. Magonjwa yako 616. Ya zinaa tafuta kuanzia 616.951, Ukimwi uko 616.9792, na wengine wanaosoma hapa kwa kujificha, kisukari ni 616.462, presha 616.132, saratani 616.994, mambo ya wanawake na uzazi 618. Ingia, tembea kama mtu anayejua anakokwenda, chukua na cha historia ukifunike juu, kaa kona, soma, acha mezani usikirudishe mwenyewe. Usikiazime, maana kuazima kunaacha rekodi kwa jina lako.

Kama wana kompyuta, fungua dirisha la inkognito, lile lisilotunza historia ya ulichosoma, usiingie kwenye email yako humo, na ukimaliza funga kila kitu, usiseme nitarudi. Kompyuta ya watu wote inakumbuka.

Lakini sikiliza, kusoma kwako kuna mwisho na mwisho wake ni kliniki. Kisonono, kaswende, klamidia, zote zinatibika, na kwa kuangalia picha peke yake huwezi kujua una ipi. Wanachofanya vijana wengi ni kusoma halafu kwenda duka la dawa kununua antibayotiki ya kubahatisha, na kisonono kimeshazoea dawa nyingi sana kwa mtindo huohuo. Nenda upimwe, na mwenzio naye atibiwe la sivyo mtapeana tena. Kipimo cha HIV cha kujipima mwenyewe Kenya kimeruhusiwa tangu 2017, ukipata majibu yenye mistari miwili hayo sio ya mwisho, unarudia kituoni. Mkutubi rafiki wa mathe pia nimtetee kidogo: maadili ya kazi yanamkataza kusema nani kasoma nini. Wewe unamjua kuliko mimi lakini.

Assalaam alaykum. Group letu la ukoo kila asubuhi kuna forward ya majani, leo mlonge unatibu sukari kesho mbegu za parachichi zinayeyusha mawe ya figo. Nikiwaambia waulize maktaba wananiambia maktaba ni mambo ya wazungu, hayana dawa zetu. – Msomaji, Tanga

Wa alaykum salaam. Waambie hiyo ALu wanayopewa wakiumwa malaria ilitoka kwenye majani na kwenye kitabu cha kale, na hapo mzungu hakuwepo. Mwanamke wa Kichina, Tu Youyou, aliwekwa kwenye mradi wa serikali yao wa kutafuta dawa ya malaria, ulianza 1967, wakapitia maandishi ya tiba za jadi mamia kwa mamia. Kulikuwa na mmea, artemisia, unaonyesha dalili nzuri halafu majibu yanabadilika badilika, leo unafanya kazi kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandishi akakuta ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 anayesema loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Akahisi moto ndio unaoua dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na hiyo ndio njia ya artemisinin, asili ya dawa iliyomo kwenye ALu, 2015 wakampa Nobel. Kwa hiyo kusoma na majani sio maadui.

Ila angalia walifanya nini baada ya hapo. Wakapima, wakajua kiasi gani, kwa nani, siku ngapi, na madhara gani. Forward ya ukoo inakuambia "chemsha mkono mmoja", mkono wa nani? Na WHO mpaka leo haipendekezi kunywa chai ya artemisia kutibu malaria, kwa sababu huwezi kujua kiasi cha dawa kilichomo kwenye kikombe na kiasi kidogo kinawazoesha vimelea. Kwa mlonge, maswali ya kuwauliza kwenye group ni nani kaandika, lini, na je mwishoni kuna namba ya simu ya kuagiza. Ukikuta namba ya simu hilo ni tangazo. Na mgonjwa wa sukari anayekunywa majani asiache dawa na amwambie daktari anakunywa nini, maana vikishusha vyote viwili kwa pamoja anaweza kuanguka.

Bonjour Mkutubi. Sisi tuko Louisville, Marekani, tulitoka Kivu. Maman wangu wamemwambia ana diabete, wakampa makaratasi ya Kiingereza, mimi niko kazini usiku na mdogo wangu wa miaka 11 ndiye anamtafsiria kwa daktari. Bibliothèque ya huku inaweza kutusaidia? – Binti wa Kivu

Inaweza, tena huko mko na bahati. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina tovuti inaitwa MedlinePlus, ipo tangu 1998, ni ya watu wa kawaida, haina matangazo na haiuzi dawa. Ndani kuna sehemu ya taarifa za afya kwa lugha nyingi, Kiswahili kimo, sio magonjwa yote lakini utapata makaratasi ya kuchapisha, na mara nyingi Kiingereza kipo pembeni kwa hiyo Maman anasoma yake na nesi anasoma yake wanajua wako mstari mmoja. Nenda maktaba ya mtaa mwambie wa dawati la maulizo akufungulie. Kiswahili cha humo kimekaa kidaresalaam kidogo, Maman akikwama kaa naye mara ya kwanza.

La mtoto nimelikasirikia, sio kwako, kwao. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila kumtoza, msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Mtoto wa miaka 11 hatakiwi kumtafsiria mama yake habari za figo na macho, atakosea na pia ataogopa. Mkipiga kuweka miadi semeni "Swahili interpreter", na mtaje ni Kiswahili cha Congo.

Niko Leicester. Nimekuwa na wasiwasi usiku silali, GP, daktari wangu wa mtaa, badala ya dawa kaniandikia kitabu nikachukue maktaba. Mume wangu anacheka anasema umefukuzwa kistaarabu. – Dada wa Leicester

Mwambie mumeo acheke baadaye. Hicho ni kitu rasmi kinaitwa Reading Well, England kilianza 2013, vitabu vinachaguliwa na wataalamu wa afya na maktaba zinaviweka, hata bila karatasi ya GP unaweza kuazima, bure. Wazo lilitoka Wales, kwa mwanasaikolojia wa Cardiff anaitwa Neil Frude, na Wales ikalichukua nchi nzima 2005. Kwa wasiwasi na huzuni isiyo kali, kujisaidia kwa kitabu chenye mazoezi kumo kwenye miongozo yao ya tiba, sio mbinu ya kukufukuza. Lakini ni mazoezi, unaandika na unarudia, ukikisoma kitandani kama hadithi utamaliza na usingizi usije. Wiki kadhaa zikipita hali ileile, rudi kwa GP umwambie nimefanya haikusaidia, sasa tunaenda hatua gani. Na ikija siku unawaza kujidhuru achana na kitabu, piga 116 123, ni Samaritans, bure saa 24, au 999 kama ni hatari ya sasa hivi.

Mkutubi unaongea kama kila mtu ana maktaba. Sisi wa vijijini je? – Mkulima, Sumbawanga

Umenipata. Maktaba nyingi ziko mjini, hiyo ni kweli na inaudhi. Kenya kule Garissa na Wajir wanapeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996, wazo zuri, ila boksi la ngamia limejaa vitabu vya watoto na Sumbawanga ngamia hatuna.

Kwa Tanzania piga 199, ni laini ya Wizara ya Afya, haikati salio, unauliza kwa Kiswahili. Mhudumu wa afya wa kijiji naye muulize akuachie yale makaratasi yenye picha anayofundishia, mara nyingi anayo na hakuna anayeyaomba. Na kama kuna mtu anakwenda mjini, mwandikie kwenye karatasi jina la ugonjwa na la dawa kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, usimwambie kwa mdomo maana atafika kasahau. Apeleke kwa mkutubi, aombe kurasa mbili tatu za Kiswahili, atoe fotokopi na ile ya mbele yenye mwaka wa toleo.